Chakula Laini

Maagizo ya daktari yalieleweka vizuri, ila aliyeyaandika hakai Kariakoo. Usiteme mate kwa nguvu. Usinywe kwa mrija. Usivute sigara. Kula vyakula laini visivyo vya moto. Usiongee sana. Hilo la mwisho nilitaka kulicheka, lakini nusu ya uso ilikuwa imekufa ganzi na nilikuwa nimeng'ata pamba. Mtu anauza vitenge Mtaa wa Kongo, kushoto kwake kuna spika inatangaza bei, kulia kwake kuna mwenzake anatangaza bei kwa sauti kubwa kuliko spika, halafu aambiwe asiongee sana. Atakula nini, laini au ngumu?

Jino lenyewe lilikuwa gego la mwisho, chini kushoto, lile linaloota mtu akiwa ameshaanza kujitegemea. Langu liliona uvivu kuota. Likalala ubavu chini ya fizi na kuanza kumsukuma jirani yake. Daktari akapasua fizi, akalikata vipande, akavitoa, akashona kwa nyuzi ambazo huyeyuka zenyewe. Alifanya kazi yake vizuri na sina neno naye. Shida ilianza ndani ya daladala.

Daladala unashuka kwa kusema. Tulipokaribia Msimbazi nikajikaza kusema "shusha", ikatoka "hhuhha". Konda akaniangalia kwa huruma. "Pole, kaka." Nikagonga bodi kwa kiganja. Akadhani maumivu yamenizidi. "Dereva, kanyaga, tuna mgonjwa huku!" Nikapelekwa Gerezani kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwenye gari za Kariakoo, tena abiria wengine waliotaka kushuka njiani wakakatazwa kwa sababu yangu.

Kurudi kwa miguu nako kukawa na mitihani yake. Mtu mwenye shavu lililovimba hapiti Kariakoo bila kupewa pole, na pole inataka jibu. Kila hatua tano, "pole bosi", "pole mjomba", "nani kakupiga?" Wazee walitaka shikamoo yao. Nilimpa mzee wa kahawa yote niliyoweza, akapokea "hikaoo" moja nyembamba. Baadaye nikasikia amewaambia wenzake barazani kwamba tangu nipate fremu ya duka nimekuwa na majivuno.

Nieleze kidogo kuhusu mrija, maana watu hudhani madaktari wanatukomoa. Damu ikishaganda kwenye shimo la jino, ile damu ndiyo bandeji ya mfupa. Ukifyonza kwa nguvu, au ukitema kwa nguvu, unaweza kuing'oa. Mfupa unabaki wazi, na maumivu yake hupanda mpaka sikioni. Tena mara nyingi hayaji siku ile ile. Huja siku ya tatu au ya nne hivi, mtu akiwa ameshaanza kujisifu kuwa amepona. Ndiyo maana hata kusukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu husubiri mpaka kesho yake, na hata hapo unayazungusha taratibu na kuyaacha yaanguke yenyewe. Kuacha maji yaanguke yenyewe kutoka mdomoni, ukiwa umesimama kwenye kibaraza kinachotazama mtaa, ni jambo linalopunguza wateja.

Nikaona nijaribu dafu. Muuza madafu hana haja ya mrija, anakufungulia tundu unapiga mwenyewe. Nusu ya mdomo ilikunywa, nusu nyingine ikamwagia shati. Ukaja wakati wa ule utandu laini wa ndani, ambao ni chakula cha mgonjwa kabisa. Akapasua. Lilikuwa koroma. Nyama yake ingeweza kuezekea banda. Nikamwonyesha kwa kidole, naye akanijibu kwa utulivu, "Si hujalalamika wakati unachagua?"

Kwa mama ntilie ndipo nilipojua kwamba neno laini halina mwenyewe. Yeye aliniorodheshea: utumbo ni laini, makongoro yanateleza yenyewe, nyama ya leo iko jikoni tangu alfajiri kwa hiyo imeshasahau kama iliwahi kuwa ng'ombe. Benchi la vijana wa kimachinga likaingilia kati. Mmoja akasisitiza supu ya pweza, kwamba inarudisha nguvu za mwanaume. Mwenzake akamkumbusha kuwa kilichong'olewa ni jino. Mjadala ukawa mkali, mgonjwa nikasahaulika, mpaka mama alipoamua mwenyewe: uji wa ulezi asubuhi, mtori mchana, vyote vipozwe kwanza. Kwa kuwa sikuweza kusema, kila alichoniuliza niliitikia kwa kichwa. Ilikuwa njia ya haraka ya kupata uji. Wale vijana nao walinipenda ghafla, kila asubuhi wakawa wananiwekea nafasi kwenye benchi.

Daktari alikuwa ameniambia uvimbe huongezeka kwanza, kilele siku ya pili au ya tatu, ndipo unywee. Wangu ulitii ratiba. Taya nalo likakaza. Nilipita karibu na soko kubwa, lile alilolichora Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975, ambalo moto uliliunguza Julai 2021. Linajulikana kwa paa lake la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja umefumbua mdomo kupokea mvua. Niliionea wivu miavuli ile. Mdomo wangu ulikuwa haupitishi hata kijiko cha chai kikiwa kimelala.

Hapo nikaamua kununua blenda. Muuzaji akataja elfu themanini na tano. Nilitaka kusema "punguza", taya likakataa, nikabaki nimeshika shavu na kumtazama. Akasema sabini na tano. Jino likanichoma, nikafumba macho. "Basi bosi, usikasirike, sabini." Nikashusha pumzi kwa maumivu na kugeuka kutafuta pa kuegemea. Akanifuata mpaka nje: "Hamsini na tano, ya mwisho, nakupa kwa sababu naona wewe ni mtu mzito." Miaka yote nimepatana bei kwa maneno, kwa viapo, kwa kutaja kabila la bibi yangu, na hakuna aliyewahi kuniita mtu mzito.

Blenda ikamfikia shangazi, aliyekuja kutoka Ilala kuniuguza siku ya Ijumaa. Shangazi haamini uji. Kwake Ijumaa bila pilau si Ijumaa, na chakula laini ni chakula kilichosagwa. Akapika pilau ya haki, yenye iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga nzima nzima, akaimwaga yote kwenye blenda pamoja na kachumbari. Nilipewa bakuli la kitu cha rangi ya udongo. "Kunywa, mwanangu. Ladha haijaenda popote."

Na kweli haikwenda popote. Ilikwenda shimoni. Blenda ya elfu hamsini na tano haisagi kila kitu, na vipande vyote vya viungo vilivyoponyoka vilikuwa na anwani moja mdomoni mwangu. Kwanza pilipili manga, nikaona nyota. Kisha karafuu, na taratibu pale mahali pakapoa. Madaktari wa meno hutumia dawa itokanayo na mafuta ya karafuu kutuliza shimo la namna hiyo, japo hakuna anayeshauri uipate kupitia pilau. Shangazi alipoambiwa hilo, aliutangazia ukumbi mzima kuwa amenitibu.

Wiki mbili hivi zikapita. Nyuzi zikayeyuka, fizi ikaanza kufunga, wali nikauweza kwa upande wa kulia, kisha chapati, na siku moja nikaagiza ndizi nyama na kuitafuna kwa pande zote mbili mbele ya benchi zima. Walishangilia. Mama ntilie akanifuta meza kwa kitambaa, akaketi mbele yangu na daftari.

"Sasa mdomo umefunguka, baba. Tuhesabu."

Uji, sawa. Mtori, sawa. Chapati, supu ya pweza, chapati, chapati, maharage, supu ya pweza.

"Mama, chapati hizi nilizitafuna kwa jino lipi?"

"Sijasema ulitafuna. Nilikuuliza, na hawa wadogo zako niwawekee kwenye hesabu yako? Ukaitikia. Kila siku ukaitikia."

Nikageukia wadogo zangu. Benchi lilikuwa limebaki na kofia moja. Basi nikaanza kuomba punguzo. Niliongea sana, kwa ufasaha, nikaapa, nikataja mpaka kabila la bibi. Mama hakupunguza hata mia.