Hamira, Ukitaka Kufika Stockholm

Kwanza, ishi kwenye pombe ya kienyeji ya Afrika Mashariki, kisha ukubali kusafirishwa hadi Ujerumani. Huko, mwaka 1893, Paul Lindner atakutenga na kukuita Schizosaccharomyces pombe. Asili ya kilabuni isikutie haya.

Pili, uwe na umbo la kijiti. Usinenepe, refuka nchani tu, na ukikaribia mikroni 14 ujigawe katikati. Hili lishike sana, maana atakayekuchungulia kwa hadubini atajua umri wako kwa kukupima urefu. Ndivyo Murdoch Mitchison wa Edinburgh alivyokupendea miaka ya 1950.

Sasa haribika, lakini kwa faida. Wenzako wenye kasoro katika jeni iitwayo cdc2 hurefuka tu bila kujigawa, na hilo peke yake halitoshi. Ni kama gari: huzimika kwa sababu nyingi. Likienda mbio kupita kiasi, hapo umeshagusa pedali ya mafuta. Kwa hiyo jigawe mapema mno, ungali mfupi, na uote kwenye kisahani kilichovamiwa na ukungu. Mtafiti Paul Nurse atakitupa kwenye pipa la taka, aende nyumbani, moyo umsute, arudi kukiokota. Kati ya vibete hamsini hivi alivyokusanya, ni wewe peke yako utakayekuwa na kasoro yako ndani ya cdc2. Ndipo itajulikana kuwa jeni hiyo ndiyo inayoamua lini seli ijigawe. Kwangu mimi, safari ile ya kurudi pipani ni kazi ya sayansi sawa na jaribio lolote.

Kisha pokea mgeni. London, 1987: Melanie Lee na Nurse wanawapa wenzako wenye cdc2 mbovu vipande vya DNA ya binadamu. Anayepata jeni inayolingana na hiyo anajigawa tena, ingawa ukoo wako na wa binadamu ulitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita! Tuzo ya Nobel itafuata 2001. Nurse ataigawana na Leland Hartwell, aliyetumia hamira ya mkate, na Tim Hunt.

Usistaafu bado. Palbociclib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa baadhi ya saratani za matiti, huzuia protini za ukoo uleule wa cdc2 yako.