Bingwa wa Rahaleo Afundisha Uuguzi

Mtaalamu alikohoa mara tatu, akasogeza kikombe cha kahawa, kisha akaitangazia baraza nzima ya Rahaleo kwamba leo atafichua siri ya kubadili taratibu za wauguzi wodini. Shahada yake anaijua mwenyewe. Zamu ya usiku hajaikesha hata moja, ila aliwahi kulazwa siku mbili kwa malaria, na anasema aliona mengi.

"Kwanza, waraka!" alinguruma. "Wenye mhuri. Ubandikwe juu kabisa ukutani, macho yasipofika, ili uheshimiwe."

Ushahidi akaufuata ng'ambo. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliamuru wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikaporomoka. Amri moja tu! Hapo bingwa akanywa kahawa, akayaruka yaliyofuata: mwaka 1849 Semmelweis hakuongezewa mkataba, na baadaye akawaandikia wakubwa wa fani barua za kuwaita wauaji. Alikuwa sahihi, lakini wengi hawakumfuata.

Bibi mmoja, muuguzi mstaafu aliyekuja kununua vitumbua, akauliza, "Na zile S tano, mwanangu?"

"Shikamoo bibi. Hizo nilizianzisha mimi."

Kumbe hatua hizo tano za kupanga mahali pa kazi zilitoka viwandani Japani, zikajaribiwa katika hospitali ya Castle Street huko Colombo, Sri Lanka, na Tanzania zikaanzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007. Kiswahili kikazipokea vizuri: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kazi yenyewe haina makeke. Watu wa wodi hiyohiyo, wauguzi na wahudumu, huunda timu ndogo. Hutoa kabatini vilivyokwisha muda, hubandika lebo, huchora sakafuni mstari wa kuegesha troli. Wa zamu ya usiku akihitaji bomba la sindano, mkono unakwenda wenyewe.

"Nne za mwanzo tulizimaliza kwa wiki chache," bibi alisema. "Hiyo Shikilia ndiyo ilitutoa jasho. Muuguzi mfawidhi akihamishwa, nani anaendeleza?"

Bingwa alifikiri sana.

"Waraka wa pili," akajibu.

Bibi akabeba vitumbua vyake, akaenda zake. Hotuba ijayo ni Ijumaa baada ya alasiri, barazani hapohapo. Wauguzi hawakualikwa.