Sifa za Kambare Asiyealikwa

Wanaomsifu sato wamsifu kwa minofu yake. Mimi namsifu kambare, hasa yule ambaye hakuna aliyempandikiza. Umechimba bwawa nyuma ya nyumba, umenunua vifaranga wa perege, umewalisha pumba miezi sita. Siku ya kuvua unavuta wavu, unakuta mzee mmoja mweusi, anateleza kama sabuni, sharubu nane zinachezacheza, tumbo limejaa mtaji wako.

Kaingiaje? Kwa juhudi zake. Mvua ikinyesha usiku hujiegemeza kwenye miiba ya mapezi ya kifuani, akajivuta juu ya majani mabichi kutoka dimbwi hadi dimbwi, huku akivuta hewa kama wewe na mimi, maana juu ya matamvua ana kiungo maalumu cha kazi hiyo. Asiyependa kutembea hupitia mfereji ambao mwenye bwawa ameahidi kuuwekea chujio wiki ijayo. Mwingine huja na vifaranga ndani ya mfuko, mdogo, mpole, nauli kalipiwa.

Mwaka 1822 Mwingereza William Burchell alimpa jina la kisayansi la mto Gariep, huko Afrika Kusini. Kambare hakulijali, yupo mpaka Misri.

Na kazi anaijua. Perege huzaana bila breki: jike hulea mayai kinywani, na baada ya miezi michache bwawa limejaa visamaki visivyokua. Kambare huwapangia uzazi bila semina wala posho. Wataalamu wenyewe hushauri wafugaji wachanganye kambare wachache na perege, ila wawe wadogo, perege wakubwa wakiwa wameshatangulia. Huyu wetu hakusoma mwongozo. Huja na ukubwa wake, na humeza chochote kinachoenea mdomoni.

Watu husema nyumba ya kambare baba ana sharubu, mama ana sharubu, watoto nao wana sharubu, yaani haina mkubwa. Wanamsingizia. Bwawani mkubwa anajulikana: ndiye aliyebaki.

Tena hana kinyongo. Mtoe, mweke kwenye beseni lenye maji kiduchu, jioni bado anakutazama. Mkaange au mbanike, hasara yako inarudi mezani. Wa kuhurumiwa ni mfugaji Msabato tu: kambare hana magamba, kwa hiyo hata kulipiza kisasi kwa meno haruhusiwi.