Wataalamu wa Ulaya Waishio Dowa

Kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Dowa, ina wataalamu wa Ulaya wengi kuliko Brussels. Wengi wao, tangu waingie Malawi, safari yao ndefu imeishia Lilongwe, kilomita 45 hivi kutoka hapa, tena kwa kibali. Lakini ukitaka kujua theluji huanza kuanguka lini Roma, au Mzungu huchukizwa na nini mezani, usihangaike na maktaba. Kaa barazani kwa fundi cherehani wa mtaa wetu, mzee wa Uvira aliyekuwa na kibanda chake Lilongwe hadi agizo la serikali la mwaka 2023 lilipowarudisha wakimbizi kambini. Amerudi na cherehani, pasi ya mkaa na maoni yake yote.

Siku nilipoitwa kwenye usaili wa UNICORE, nikawa mali ya baraza lile. Mpango huu ulianzishwa mwaka 2019 na Chuo Kikuu cha Bologna, vyuo vingine vya Italia vikafuata, na kazi yake ni kuwachukua wakimbizi wenye shahada ya kwanza wakasome uzamili kule. Shahada yangu niliipata hapa hapa Malawi kwa ufadhili wa DAFI, ambao sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Ujerumani. Fundi akaona mambo yamejieleza.

"Mjerumani amekusomesha, sasa Mwitaliano anakutaka," alisema, pini zikiwa bado mdomoni. "Usiwakubalie haraka."

Barua ilisema usaili ni 10:00. Majira yale Italia huwa wamesogeza saa zao mbele, kwa hiyo saa yao na yetu inakuwa moja. Hesabu nyepesi: saa nne asubuhi. Tatizo ni kwamba barua ilikuwa imepita kwanza mikononi mwa mtoto wa jirani, ambaye Kiingereza anakisoma vizuri kuliko saa. Akamsomea mama: saa kumi. Mama akautangazia mtaa.

Sasa, ukimya Dzaleka si kitu cha kukuta. Mahali hapa palikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, pakapangiwa watu 10,000 na kidogo, na leo tumepita 50,000. Ukimya unauomba kwa jirani mmoja mmoja. Mama akazunguka. Mwenye chigayo akakubali kuzima mashine yake ya kusaga. Kwaya ya vijana ikahamisha mazoezi. Muuza mandazi akaapa kupita bila kuita, na mwenye jogoo akaahidi kumfunika na kapu. Vyote hivyo saa kumi jioni.

Ndiyo maana saa nne asubuhi kila mtu alikuwa akimaliza kelele zake mapema. Chigayo kilisaga mahindi ya asubuhi na ya jioni kwa pamoja. Maprofesa watatu waliponitokea kwenye skrini, mmoja akauliza kama nyuma yangu kuna kiwanda. Nikamjibu ni unga. Mwenzake akataka kujua kwa nini nimechagua masomo ya kilimo, na kabla sijafungua mdomo kwaya ikamjibu haleluya, kwa sauti nne.

Mchana nilikuwa nimeshavua tai, nimekula, nimejilaza. Saa kumi kasorobo mtaa ukanyamaza ghafla, kiasi kwamba nilisikia mkaa ukilia kwenye jiko la jirani. Mama akachungulia.

"Baba, vaa tai. Wakati umefika."

Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Mwenye chigayo alikuwa ameshafukuza wateja. Nje ya dirisha niliona miguu ya watu waliosimama bila kukohoa. Nikavaa tai. Nikafungua kompyuta ambayo betri yake ilikufa tangu asubuhi, nikaanza kuzungumza Kiingereza na skrini nyeusi.

Nilianza na umwagiliaji, nikapanda milima ya Itombwe, nikateremka hadi ziwani. Maneno yalipoisha nikaorodhesha mitaa ya Lilongwe, Area 3, Area 18, Area 25, Area 47, kwa sauti ya mtu anayetetea tasnifu. Namba za Lilongwe hazifuatani ardhini, kwa hiyo hata anayeujua mji lazima asite kidogo. Kule dirishani kusita kwangu kulipokelewa kama hekima. Nikamsikia mtu akinong'ona, "Anawabana."

Nilipopewa nafasi, fundi alisema alijua tangu jioni ile. Usaili wa asubuhi hautambui mpaka leo.

Kilichofuata ni kikao cha koti. Tulikuwa tumeingia Oktoba, mwezi ambao Lilongwe lami inanata, na baraza likaamua nisipande ndege bila koti la sufu. Fundi akaomba kibali aje mwenyewe kukagua. Minibasi ya kwenda mjini hupita Lumbadzi, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Kamuzu, hivyo tukaupita uwanja ili kwenda kununua nguo ya kuja nayo uwanjani. Soko la Old Town lina vilima vya kaunjika, yaani mitumba. Fundi akachambua, akanusa bitana, akaibuka na koti refu la kijivu. Lebo ilisema limeshonwa Italia. Nikalipa kwacha zangu ili nimrudishie Mwitaliano koti lake.

Vifungo vilikuwa upande wa kushoto. Tuliligundua hilo tukiwa tumebanwa wanne kwenye kiti, minibasi imeshaiacha Kanengo.

"La kike," nikasema.

"Lilikuwa," fundi akajibu.

Usiku huo akahamisha vifungo, akatoboa matundu mapya. Tundu moja liliteleza chini kidogo, na tangu hapo nikifunga vifungo vyote bega langu moja linainama kama la mtu aliyebeba ndoo.

Kwenye begi halikuingia, kwa sababu mama alikuwa amelijaza usipa, yaani dagaa, wakavu. Nikalivaa. Ofisa wa afya pale uwanjani akaona kijana aliyelowa jasho ndani ya sufu, akaninyooshea kipimajoto, akakitazama, akaninyooshea tena. Akaniamuru nilivue nikae chini ya feni. Kutoka nyuma ya kamba sauti ya mama ikavuka watu wote: "Asivue! Kule ni baridi!"

Bologna nilikuta watu wako na fulana, wanalamba aiskrimu chini ya vibaraza. Mji huu una kilomita 62 za vibaraza vilivyoezekwa, UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, na bado sijaona cherehani hata kwenye kimoja. Fundi hatanielewa.

Hupiga Jumapili kwa video, yeye na mama na nusu ya mtaa, simu ikipokezanwa. Naona namba, nafunga dirisha, navaa koti, nafunga vifungo vyote, ndipo napokea.

"Linafaa?" mama anauliza.

"Linafaa sana, mama."

Fundi anasogeza uso mpaka pua inajaza skrini. "Simama. Bega mbona hivyo? Hebu geuka, tuone mgongoni."