Sifa za Mheshimiwa Kuboreka

Shule zikifungwa Desemba, mgeni mmoja huingia majumbani Dar es Salaam bila kupiga hodi. Haji na begi, hagusi wali wa mtu wala haombi kitanda, na bado hakuna mgeni anayetukanwa kumshinda. Siku za mwanzo haonekani: watoto wanalala mpaka jua la utosi, wanamaliza katuni, wanagombea rimoti. Halafu asubuhi moja, saa nne na nusu, bati limeshaanza kulia kwa joto, mkubwa wao anaegemea mlango wa jikoni na kutamka kwa sauti ya kukata roho: "Mama, naboreka."

Nyumba inahamanika. Baba anaulizia mwalimu wa tuisheni. Shangazi anapiga simu kushauri wapelekwe kwa bibi. Mama, ambaye tangu alfajiri hajapata nafasi ya kuboreka hata kidogo, anatoa simu yake na kumkabidhi mtoto ili amenye vitunguu kwa amani. Wote wanashirikiana kumfukuza Mheshimiwa Kuboreka kabla hajavua viatu. Mimi nasimama upande wake, maana sijaona mtumishi anayefanya kazi kubwa hivyo akalipwa matusi.

Tuanze na gharama. Mheshimiwa hana ada, hana sare, hadai rimu ya karatasi wala mchango wa mlinzi. Hatumi ujumbe wa kukumbusha deni. Mwalimu wa tuisheni hutaka daftari jipya na nauli. Yeye hutaka uani, na uani ukikosekana huridhika na kibaraza.

Karakana yake nimeiona kwa karibu. Kidumu cha mafuta ya kula kinalazwa ubavu na kukatwa juu, ndiyo bodi ya lori. Spoku ya baiskeli inapitishwa chini, ndiyo ekseli. Vizibo vya soda vinakuwa taa. Matairi sasa: hayo hukatwa kwenye ndala, kwa wembe, duara baada ya duara, na ndala hiyo kwa kawaida si ya mtoto. Fundi anatoa ulimi nje anapotoboa katikati, kwa sababu tundu likienda upande gari litachechemea. Linachechemea. Analing'oa, anakata lingine, na hapo ndala ya pili nayo imeshaingia kwenye uzalishaji. Hakuna aliyemwambia neno kipenyo, lakini mwulize kwa nini tairi la nyuma likiwa dogo lori linainua pua. Atakueleza mpaka umwombe anyamaze. Jioni baba anatafuta ndala za kwenda kuoga, na lawama zote zinamwangukia Mheshimiwa.

Kwa wasichana wa mtaani, na wavulana wanaokubaliwa, huandaa rede. Soksi iliyopotelewa na mwenzake inashindiliwa makaratasi na kufungwa kwa mpira wa tyubu. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Kanuni zake zinajadiliwa kwa ukali ambao sijauona hata kwenye vikao vya vikoba. Atakayesema mchezo huo haufundishi sheria hajawahi kubishana na binti wa miaka tisa kama mpira umegusa gauni au mwili.

Halafu kuna kazi yake ya ukaguzi wa ndani. Watoto waliokosa la kufanya hatimaye hucheza baba na mama, wakijipikilisha kwa majani na udongo. Pitia karibu ujisikie. "Niachie hela ya mboga." "Jana si nilikuachia?" "Ile ilikuwa ya gesi." Kimya kidogo, kisha baba, mwenye umri wa miaka sita, anavaa kofia na kusema ana kikao. Mkaguzi gani mwingine angekuletea ripoti ya ukweli namna hiyo, tena bila posho?

Wanaotaka ushahidi wa mbali na ndala waende Braemar, huko Scotland, mwaka 1881. Mwandishi Robert Louis Stevenson alikuwa mapumzikoni na familia yake, mvua haikatiki, na mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne wa miaka 13, alikuwa likizo na hana pa kwenda. Wakajifungia ndani na rangi za maji. Ikachorwa ramani ya kisiwa, na kutoka kwenye ramani ile kikatoka kisa kilichochapishwa kama kitabu mwaka 1883. Sisi tulikisoma kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kishikwambi kingekuwa juu ya meza siku ile, haramia wake John Silver na gongo lake wasingezaliwa.

Watu wazima tumnyamazie kidogo Mheshimiwa, maana sisi wenyewe hatumwezi. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walichapisha jaribio katika jarida la Science. Waliwaacha watu peke yao chumbani kwa dakika 15, hawana kitu ila mawazo yao na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wote walikuwa wamesema wangelipa pesa wasipigwe tena shoti ile. Wanaume 12 kati ya 18 wakajipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Hao ndio wenye kumwambia mtoto, "Hebu tulia kidogo!"

Simu nayo haimfukuzi. Inamkalisha sebuleni tu, naye anasubiri kwa adabu. Bando likiisha, au umeme ukikatika, anaingia akiwa na njaa maradufu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Kwenye nyumba nyingi ninazozijua, saa hiyo huisha kabla ya chai.

Haki inanilazimu kutaja upungufu wake. Ana upendeleo wa mjini. Kule Dodoma na Singida likizo ya Desemba huangukia msimu wa kupanda, na mtoto anayeinama shambani tangu asubuhi hana haja ya mgeni huyu. Angetamani kumwona hata kwa nusu saa. Pia Mheshimiwa hachagui vifaa: kwake waya wa umeme na kamba ni kitu kimoja, na kisima kisicho na mfuniko anakiona ni fursa. Kwa hiyo mtu mzima awepo karibu, asikie, aone. Si kazi yake kuchekesha. Mtoto akisema anaboreka, mwitikie, "Haya, mwanangu," uendelee na mboga. Weka maboksi, vidumu na kamba pembeni. Nunua ndala za akiba.

Walionufaika naye zaidi ni wa darasa la saba. Mtihani wanaumaliza Septemba, kidato cha kwanza ni Januari, na wazazi wenye uwezo huziba pengo hilo haraka kwa masomo ya maandalizi. Waliobaki mikononi mwake utawakuta Novemba wanajua kunyoa nywele, kuziba pancha na kukaanga chapati zinazokaribia duara. Januari wakishavaa sare mpya, anafungasha na kuhamia kwa waliomaliza kidato cha nne. Hao wana mpaka Julai ndipo waingie cha tano, ndevu zimeanza kuota, na magari ya vidumu hawayataki.