Ubuyu Kwenye Piano

Watu wakisikia nafundisha watoto piano nyumbani, hudhani nashinda kwenye utulivu, muziki laini unapita na mimi natikisa kichwa. Waje Jumamosi saa nne asubuhi. Watakuta mwanafunzi mmoja yuko chini ya piano anatafuta kiatu, mwingine analia kwa kuwa mwenzake amemwambia ana kidole gumba kinene, na mwalimu kashika kitambaa kibichi anafuta ubuyu.

Ubuyu ndio adui yangu namba moja. Piano ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na mtoto aliyepitia dukani kwa Mangi anaweza kuvigeuza vyeupe kuwa vyekundu kabla hatujafika "sol". Nikimwambia kanawe, anajipangusa kwenye kaptula na kunionyesha viganja, huku kaptula nayo ikishuhudia.

Adui wa pili ni hali ya hewa. Bartolomeo Cristofori alipobuni piano huko Florence, karibu mwaka 1700, hakuifikiria Dar es Salaam. Masika yakianza, mbao zinavimba na vibonyezo vinakwama. Upepo wa bahari nao unaleta kutu kwenye nyuzi. Ukibonyeza "fa" inazama na haiibuki, mpaka uichokonoe kwa ukucha. Wanafunzi wangu wamelisoma jambo hili kuliko nota zote. Siku ambayo mtu hakufanya mazoezi, utasikia, "Mwalimu, fa imegoma." Hapo ni Septemba, jua kali, na wimbo wenyewe hauna fa.

Umeme ukikatika, wenye vinanda vya umeme hushangilia kama timu yao imefunga goli. Kuna mmoja alikuwa tayari kabeba begi, nikamhamishia kwenye piano ya nyuzi. Akaikagua nyuma, akatafuta waya, akaniuliza kwa uchungu, "Kwani hii haitumii LUKU?"

Hata hivyo, watoto nawasamehe. Kazi ngumu iko kwa wazazi. Baba mmoja alinijia mwanawe akiwa na mwezi mmoja tu wa masomo: "Mwalimu, Jumapili hii hawezi kupiga kanisani? Nimeshamwambia mwenyekiti wa kwaya." Nikamuuliza kijana anafanyia wapi mazoezi. "Mezani," akanijibu kwa fahari. "Nimemchorea piano nzima kwenye boksi." Na kweli, juu ya boksi lile dogo alikuwa hatari: vidole vimekunjwa vizuri, mgongo umenyooka, kosa hata moja husikii. Tatizo lilikuja alipokaa kwenye piano yenyewe. Alibonyeza mara moja, akashtuka, akanigeukia: "Mwalimu, hii inatoa sauti!"

Mama mwingine alinunua kinanda cha maana, chenye kile kitufe cha demo ambacho ukikigusa kinanda kinajipigia chenyewe. Binti alikigundua siku ya kwanza. Akawa anakibonyeza, anachezesha vidole hewani na kufumba macho kwa hisia. Mama akarekodi, akatuma kwenye kundi la ukoo, shangazi wakapeleka vigelegele vya maandishi. Mimi nilitumiwa video hiyo pamoja na swali: je, bado kuna haja ya kulipa ada?

Halafu kuna wa mitihani. Ile bodi ya London, ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889, ina ngazi nane, na kila mwaka hakosi mzazi wa kuniomba mwanawe arushwe moja kwa moja hadi ya tano, maana shuleni huwa wa kwanza kwenye hesabu. Nikimweleza kwamba vidole havisomi hesabu, ananiangalia kama mtu anayetaka kula ada ya miaka mitano.

Wazazi wenzangu, muziki hauingii kwa ada peke yake. Mnunulieni mtoto kinanda, hata kiwe kidogo cha mtumba, mradi kinatoa sauti kikiguswa. Mpeni robo saa kila siku, televisheni izimwe, na mkae naye mvumilie hayo makelele, kwa sababu makelele ndiyo masomo yenyewe. Mkishindwa yote hayo, basi nawaomba moja tu: mtoto aliyeanza juzi, msimwahidi kwenye harusi ya mtu.