Waheshimiwa, Naomba Mpaka Upite Kwenye Choo Changu

Kwa Waheshimiwa wa Serikali ya Kaunti ya Kisii na Serikali ya Kaunti ya Nyamira, mnaoipenda Keroka kwa wivu.

Kwa heshima na taadhima nawajulisha kwamba nimekuwa landilodi. Vyumba 8, mabati mapya, bonasi ya majani chai na mkopo wa sacco. Nilidhani shida ya landilodi ni mpangaji anayehama usiku. Kumbe kabla ya kumtafuta mpangaji, mwenye ploti Keroka hutakiwa kwanza kujua yuko kaunti gani, na tangu ugatuzi uanze 2013 nyinyi wenyewe hamjakubaliana. Wachuuzi wa soko wamelia miaka yote hii kwamba wanatozwa upande huu na upande ule. Sasa ni zamu yetu wenye vyumba vya kupangisha.

Kwa kuwa mpaka umewashinda kuupata, nawatolea mmoja bure. Upite kwangu. Chumba cha 1 hadi cha 4 viwe Kisii, cha 5 hadi cha 8 viwe Nyamira. Choo kiko katikati, kwa hiyo mstari ukate sakafu na kila mkaaji achuchumae mguu mmoja kila kaunti. Mpangaji wa chumba cha 7 akitoka usiku wa manane na ndala zake, askari wa upande mmoja amkatie risiti ya kuingia, wa upande wa pili amkatie ya kutoka. Mwenye tumbo la kuendesha apewe leseni ya mwaka mzima, itamtokea nafuu. Shimo likijaa, kila kaunti ilete lori lake linyonye nusu yake tu, bila kugusa mali ya jirani. Kamba ya nguo nayo ivuke mpaka: shati likianikwa Kisii na kudondosha maji Nyamira, hayo ni mazao yanayosafirishwa, yatozwe. Jogoo wangu hulala Kisii na kuwikia Nyamira. Najua hilo ni tangazo la biashara, na niko tayari kumlipia.

Si mzaha, Waheshimiwa. Kukiwa na pesa ya kukusanya, Keroka ina wenyewe wawili. Taka zikirundikana, mtaro ukifurika hadi mlangoni, haina hata mmoja. Mnatukamua mara mbili kisha mnatutupa mara mbili, na mkiulizwa, kila mmoja anaonyesha ng'ambo ya barabara kwa kidole kile kile kilichopokea pesa. Mna haya kweli?

Samahani. Nilikuwa nasema kuhusu jogoo.

Maombi yaliyobaki ni madogo. Ubao wa “Nyumba ya Kupangisha” ukiwa na maandishi pande zote mbili, uhesabiwe ubao mmoja. Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, inayomlinda mpangaji wa kodi isiyozidi shilingi 2,500, ipandishwe kiwango au ipelekwe makumbusho. Na mkionana na watu wa KRA, nisalimieni. Vyumba vyangu vikijaa kwa 3,500 kila kimoja, nitapata 28,000 kwa mwezi, na asilimia 7.5 yake, yaani 2,100, ni yao kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hawakati gharama ya fundi wala riba ya sacco. Vyumba vikikaa vitupu, bado natakiwa kuwaandikia kwamba sikupata kitu. Angalau wao ni mmoja. Sikujua ningefika siku ya kumsifu mtoza ushuru kwa kuwa peke yake.

Naomba nijibiwe kwa barua moja, yenye muhuri mmoja, kutoka ofisi moja. Ikishindikana, msijibu.

Wenu mtiifu, kila mmoja nusu,

Landilodi Mpya, Keroka

(Jina langu nimeliacha kwa makusudi. Mkilipata mtaligombania.)